Kiambishi

Nimempigia chapa Askofu Mulandi miaka kumi na mmoja,
mimi Rispa Akeyo, Mwanglikana wa Makongeni,
na mwandiko wake naujua: mistari inapanda kulia
kama mtu anayekwea Vilima vya Ngong akiwa na deni huko juu.

Januari ile barua ya umoja
ilinijia kwenye karatasi za njano, kurasa tisa.
Katika ya nne: *Tunawaombea ndugu zetu
waliotengana nasi, warudi nyumbani.*
Nikapiga. Kazi ni kazi.
Lakini nilipofika *warudi* nilikohoa,
naye alikuwa mlangoni na chupa ya chai.

"Una mafua, Bi Rispa?"
"Hapana, Baba Askofu. Ni baridi tu. Baridi ya mtu aliye nje."

Hakucheka.
Stima ikapotea papo hapo, Makadara nzima,
kompyuta ikameza kurasa zetu zote.

Nikasonya. Yeye akafungua dirisha.
Chini, upande wa Barabara ya Jogoo,
Jeshi la Wokovu walikuwa wanafanya mazoezi ya tarumbeta,
mmoja akikosea noti ileile kila mara,
na jenereta ya kanisa la mabati ikaanza kunguruma
ili pepo wasipate nafasi ya kupumua.

"Yule mchungaji wa mabati," akasema,
"alizamishwa mzimamzima Mto Athi.
Mimi nilimiminiwa kikombe kule Kangundo, nikalia.
Wewe?"
"Beseni, Baba. La mama mkubwa. Lilikuwa na ufa."
"Basi. Aliyetushika majini ni mmoja.
Sisi tumekuja kugombania vyombo."

Akanisimulia habari za rafiki yake wa Riruta,
Padre Kosmas, Mwothodoksi, ndevu hadi kifuani:
kila wakila githeri pamoja hufika kwenye *na Mwana*,
silabi tatu ndani ya Kanuni ya Imani,
miaka elfu hawajazimeza wala hawajazitema.
"Hubishana mpaka sahani zinapoa.
Kisha ananisindikiza hadi getini.
Theolojia yangu, Bi Rispa, ipo kati ya meza na geti lile."

Nilitaka kuuliza mbona hakuiandika hiyo.
Kumbe alikuwa anatafuta kiberiti.

"Neno *umoja* linanichosha. Nomino. Halina miguu.
Bwana hakuomba tuwe na kitu fulani kabatini.
Aliomba tuwe, kama Yeye na Baba walivyo,
na huko hakuna anayemngoja mwenzake arudi;
kila mmoja ametoka kwenda kwa mwingine tangu milele."

Mshumaa ukawaka.
Akainama juu ya ukurasa wa nne
akakata herufi mbili, *wa*,
akaandika mbili juu yake, *tu*.

*Turudi nyumbani.*

Nikatazama kiambishi kile kidogo
kikiivuta sentensi nzima itoke kizingitini
iingie njiani na vumbi.
"Na nyumba yenyewe iko wapi, Baba?"
"Sijafika. Ningekuwa nimefika, mistari yangu ingenyooka."

Barua iliposomwa, simu zililia siku mbili.
Monsinyori mmoja, sauti kama wembe:
"Baba Askofu, ukurasa wa nne, ni kosa la chapa?"
"Kosa lipo," nilimsikia akijibu, "ila si la chapa. Limezeeka kuliko mimi na wewe."

Jumapili nilipanda altareni nyuma ya Linus, mume wangu, Mkatoliki,
mikono nimeikunja kifuani kama ilivyo desturi yetu sisi wageni.
Linus akapokea.
Mkono wa Askofu ukasita hewani, mtupu,
ukashuka kichwani pangu. Sheria hakuivunja.
Ila ulitetemeka, nao ulikuwa mzito,
na chini ya baraka akanong'ona:
"Njaa hii usiizoee. Mimi imenishinda kuizoea."

Jumatatu nikakuta karatasi za njano mezani.
Mistari bado inapanda.